Sindano ya Pepopunda Kwenye Simu ya Shangazi

Wanachuo wenzangu, sisi tunajua kubishana siasa mpaka saa nane usiku. Tunajua nani kafungwa jana kwenye ligi, na boom likichelewa siku mbili tu, nchi nzima inapata habari. Lakini kuna mada inapita kwenye simu zetu karibu kila wiki na hakuna anayeisimamisha: chanjo za mama mjamzito. Inapita kama sauti ya dakika tatu ambayo haijulikani imetoka wapi. Inapita kama klipu ya TikTok ya mtu aliyevaa koti jeupe. Na sisi tunafanya nini? Tunafowadi au tunafuta. Mimi naomba leo tufanye kitu cha tatu: tuelewe, halafu tujue namna ya kumwelewesha mwingine.

Nijitambulishe kidogo ili usije ukadhani unasoma makala ya daktari. Nasoma mawasiliano kwa umma, mwaka wa tatu. Field yangu niliifanya kwenye kituo cha afya kimoja mkoani Morogoro, kazi yangu ikiwa kusaidia kuandaa jumbe za WhatsApp za akina mama wa kliniki. Kuchoma sindano sijui. Ninachokijua ni namna maneno yanavyosafiri, na kwenye suala hili maneno yana uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Nitachukua chanjo moja tu, ile ambayo karibu kila mjamzito wa hapa kwetu anakutana nayo: sindano ya pepopunda. Hebu litazame hilo jina, pepo na punda. Wazee walimwona mgonjwa taya zimebana, mgongo umepinda kama upinde, mwili unakakamaa kila akiguswa, wakaona hili si jambo la kawaida. Leo tunajua kinachofanya hivyo ni bakteria aitwaye Clostridium tetani. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na zinaweza kukaa humo miaka mingi zikisubiri. Zikiingia kwenye kidonda kisichopata hewa zinaamka, zinatengeneza sumu, na sumu hiyo inashika mishipa ya fahamu.

Kwa mtoto mchanga kidonda hicho ni kitovu. Kimekatwa kwa wembe usio safi, au kimefungwa kwa uzi uliookotwa, au bibi kwa nia njema kabisa amepaka majivu au kinyesi cha ng'ombe ili kikauke haraka. Mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Halafu, kati ya siku ya 3 na ya 28, anashindwa kunyonya. Mdomo unabana, mwili unakakamaa. Asipopata matibabu ya hospitali, karibu hakika anakufa. Hata akifika hospitali, hatari bado ni kubwa mno. Zamani nyumba nyingi zilisema ni degedege, mtoto akazikwa, na maisha yakaendelea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 1988 ugonjwa huu uliua watoto wachanga wapatao 787,000 duniani. Mwaka 2018 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 25,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, na Kenya ikafuata mwaka 2018. Lakini hilo neno "kutokomeza" lina maana yake maalumu hapa. Maana yake ni kwamba katika kila wilaya, kwa mwaka, wagonjwa hawafiki hata mtoto mmoja kati ya 1,000 wanaozaliwa hai. Haina maana kwamba mdudu kaondoka. Ndui tuliifuta duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, kwa sababu ilikuwa inaishi kwa binadamu peke yake. Pepopunda inaishi kwenye udongo, na udongo huwezi kuuchanja. Siku akina mama wakiacha sindano, ugonjwa uko palepale nje ya mlango unasubiri.

Sindano inafanya kazi gani

Watu wengi wanauliza swali la msingi kabisa: anayeumwa ni mtoto, mbona anachomwa mama? Jibu lake ni zuri sana.

Ndani ya ile sindano hakuna bakteria hai. Kuna ile sumu yake iliyoondolewa makali, haiwezi kudhuru, lakini mwili wa mama ukiiona unaitambua kama adui na kutengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana nayo. Askari hawa wanavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto anazaliwa akiwa na kinga ambayo yeye mwenyewe hajaitengeneza, ameazimwa na mama yake, na inamlinda katika zile wiki za mwanzo kabla hajaanza chanjo zake mwenyewe. Mama naye analindwa, maana pepopunda inaweza kumpata hata yeye baada ya kujifungua au mimba ikitoka.

Zamani sindano hii ilikuwa ya pepopunda peke yake. Siku hizi inayotumika ni ile iliyounganishwa na kinga ya dondakoo, sindano moja kwa magonjwa mawili.

Je, ina maudhi? Ndiyo, na tusiyafiche. Mkono unauma, pale ilipoingia sindano panaweza kuvimba au kuwa pekundu, wengine wanapata homa kidogo, na kwa kawaida ndani ya siku chache yameisha. Nimegundua kwamba mama akiambiwa hayo mapema, mkono ukiuma hashtuki. Asipoambiwa, mkono ukiuma anasema "si niliwaambia?", na jirani yake anaghairi kwenda.

Na si kila chanjo anapewa mjamzito. Ile ya surua na rubella, kwa mfano, ina virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo haitolewi wakati wa mimba. Mwanamke anaipata kabla, au anasubiri ajifungue. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadhani kliniki wanachoma tu chochote kilichopo kwenye friji. Hapana. Kuna orodha, na kuna sababu.

Hesabu ya wiki

Hapa ndipo inapotuhusu sisi wa hosteli moja kwa moja.

Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, au hana kumbukumbu, utaratibu wa WHO ni dozi tano. Ya kwanza mapema iwezekanavyo kwenye mimba. Ya pili angalau wiki 4 baada ya ya kwanza. Ya tatu angalau miezi 6 baada ya ya pili. Ya nne na ya tano, kila moja angalau mwaka mmoja baada ya iliyotangulia, au kwenye mimba inayofuata. Ukimaliza tano, umelindwa miaka yako yote ya uzazi. Na kama ulishachomwa kwenye mimba iliyopita, huanzi upya, unaendelea ulipoishia, ndiyo maana unaambiwa usipoteze kadi.

Sasa piga hesabu. Ya pili inatakiwa iingie angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, ili mwili upate muda wa kutengeneza wale askari na kuwavusha kwa mtoto. Wiki 4 jumlisha wiki 2 ni wiki 6. Mjamzito wa mara ya kwanza anayekanyaga kliniki zikiwa zimebaki wiki 3 anapata dozi moja tu kabla ya uchungu, na hiyo haitoshi kumlinda mtoto. Hakuna muuguzi anayeweza kurudisha wiki nyuma.

Na tunajua jinsi chuoni kwetu mambo yanavyokwenda. Mtu akipata mimba mwaka wa kwanza anavaa sweta mwezi wa nne, mwezi wa tano anabadilisha chumba, mwezi wa sita hataki kupiga picha. Anaogopa wazazi, anaogopa mkopo, anaogopa macho ya darasani. Kliniki inakuwa jambo la mwisho kabisa. Huyu dada watu wa afya hawamwoni, lakini simu yake iko hewani saa zote. Kama kuna mtu ambaye elimu ya mtandaoni inamfaa, ni yeye: anaweza kuisoma chini ya shuka, hakuna anayemtazama.

Uvumi unatoka wapi

Uvumi mkubwa kuhusu sindano hii ni kwamba inafunga kizazi. Ni wa zamani kuliko WhatsApp. Miaka ya 1990 ulizunguka Mexico na Ufilipino. Mwaka 2014 ukalipuka Kenya, wakati wa kampeni ya kuwachanja wanawake walio katika umri wa kuzaa, pale maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kuwa chanjo ile ina homoni ya ujauzito ya kuharibu uzazi. WHO na UNICEF walitoa tamko kwamba chanjo ni salama, na kwamba kupima chanjo kunahitaji maabara inayofaa kwa kazi hiyo na sampuli iliyotoka kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa, si sampuli ya damu. Mjadala ukawa mrefu, magazeti yakauza, na wapo waliobaki na wasiwasi hadi leo.

Sipendi kuwacheka waliouliza maswali. Tazama walivyoona wao: wanachanjwa wanawake tu, wa umri wa kuzaa tu, na dozi ni nyingi. Ukitazama kwa nje bila maelezo, hata mimi ningeuliza. Maelezo yapo: wanawake wa umri huo ndio wanaozaa, na kitovu ndicho mlango wa ugonjwa, dozi ni tano kwa sababu kinga ya sumu hii inajengwa kwa awamu. Lakini maelezo yalifika yakiwa yamechelewa, na ukweli uliochelewa hulazimika kukimbia nyuma ya uvumi.

Kwa upande wangu, kuna hoja mbili ambazo hazihitaji maabara. Ya kwanza ni kadi yenyewe ya kliniki. Inahesabu dozi mimba hadi mimba. Mama anarudi na mimba ya pili, ya tatu, na kwenye kadi zinaonekana sindano za mimba zilizotangulia. Kama zingefunga kizazi, angerudije? Ya pili ni sensa. Mpango wa taifa wa chanjo Tanzania ulianza mwaka 1975. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 44.9. Ya 2022 ikatuhesabu milioni 61.7. Kama kuna mtu alipanga kutufunga kizazi kwa sindano hii, basi kazi imemshinda vibaya sana.

Je, simu inasaidia kweli?

Si jambo jipya hapa kwetu. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na wadau wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bure, halafu akawa anapata ujumbe mfupi kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Hata mwenza au ndugu aliweza kujisajili. Afrika Kusini nao walianza MomConnect mwaka 2014, kwa ujumbe mfupi wa kawaida, baadaye wakaongeza WhatsApp, na mama anaweza kuuliza swali akajibiwa. Hilo la kujibiwa ndilo linalotofautisha elimu na tangazo.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda, wa jimbo la Colorado, uliochapishwa mwaka 2019. Wajawazito waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa tovuti ya maelezo ya chanjo pamoja na nafasi ya kuuliza na kujadiliana. La pili lilipewa maelezo tu. La tatu halikupewa cha ziada, waliendelea na huduma za kawaida. Kwa chanjo ya mafua, makundi mawili yenye tovuti yalichanjwa zaidi ya nusu, wakati lile la kawaida lilikuwa kama theluthi moja na kidogo. Lakini kwa chanjo inayounganisha pepopunda, dondakoo na kifaduro, tofauti haikuwa ya maana. Makundi yote matatu yalikuwa juu tayari.

Mimi nausoma hivi. Elimu ya mtandaoni inamsukuma yule aliyesimama njia panda. Pale ambapo mama ameshaambiwa vizuri kliniki na ameshakubali, tovuti haiongezi kikubwa. Na pale ambapo kizuizi ni nauli, au kituo kiko mbali, au chanjo imeisha, hata ungemtumia video nzuri namna gani, hazimfikishi. Simu haichomi sindano. Inaweza tu kumtoa mtu nyumbani akiwa na sababu.

Niliyoyaona field

Kuna mambo ambayo darasani sikufundishwa.

Simu mara nyingi si ya mama. Ni ya mume, au ni ya familia, na bando linawekwa kwa zamu. Ujumbe wa video hauchezi. Sauti ya sekunde 45 inacheza, na mume akiisikia kwa bahati mbaya, hiyo ni bahati nzuri.

Lugha ya mwongozo si lugha ya mama. Ukiandika "chanjo ya kuzuia pepopunda ya mama na mtoto mchanga hutolewa kwa awamu" hakuna anayekusikia. Ukisema "ile sindano ya kliniki, ya mkononi, inamlinda mtoto kitovu kisimletee ugonjwa", wanakusikia. Watu hawasemi wanachanjwa, wanasema wanachomwa.

Swali lililoulizwa zaidi silo nililojiandalia. Nilijiandaa kwa ugumba. Wao waliuliza: "Hii si ile ya corona?" Tangu 2021 kila sindano inatazamwa kwa jicho hilo. Kwa hiyo ujumbe wetu wa pili ulianza kwa kusema sindano hii ni ipi, ilikuwepo tangu lini, na kwamba mama zao waliichomwa.

Usianze na uvumi. Ukianza na "si kweli kwamba inafunga kizazi", asiyewahi kuusikia uvumi huo ameusikia leo kutoka kwako. Anza na ukweli, taja uvumi kwa kifupi akikuuliza, malizia tena na ukweli, halafu mpe kitu kimoja cha kufanya. Kimoja tu. "Nenda na kadi yako wiki hii."

Shangazi

Muhula uliopita wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Siku moja shangazi akatupia kwenye grupu la ukoo ile sauti, "akina mama jihadharini na sindano ya kliniki", na wifi akaniandikia pembeni: amepangiwa kwenda Alhamisi, aende au asiende?

Ningeweza kumjibu shangazi palepale mbele ya watu 60. Lakini shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ukimsahihisha hadharani hujafundisha, umemvunjia heshima, na ukoo mzima utasimama upande wake hata kama wewe ndiye mwenye ukweli. Nikampigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, za masomo?"

Tukazungumza masomo, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mchele. Ndipo nikamuuliza: shangazi, wewe ulipokuwa unawazaa kina kaka, kliniki walikuchoma? Akasema walimchoma, tena alikuwa analia. Mimba ngapi? Sita. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mwenyewe. "Kumbe ile ndiyo hii?"

Ndiyo hii, shangazi.

Nikamwomba aiseme hiyo habari yeye mwenyewe. Jioni akarekodi sauti, haikufika hata dakika: yeye alichomwa, kazaa sita, wote wapo, na mkwe wake aende Alhamisi asichelewe. Sikuongeza neno. Wifi alikwenda, na wiki nne baadaye akaenda ya pili. Hakuna jumbe zangu zozote za field zilizofanya kazi kama ile sauti, na sababu iko wazi: mimi nilikuwa na maelezo, shangazi alikuwa na imani ya watu. Elimu ya mtandaoni inahitaji vyote viwili.

Wewe ufanye nini

Kama una mimba, au rafiki yako wa chumba anayo, kliniki ni mapema, kabla ya maelezo kwa wazazi, kabla ya yote. Zile wiki 6 hazisubiri. Kama hutaki kuonekana kwenye dispensari ya hapa chuoni, nenda kituo cha mtaa mwingine, kinga ni ileile. Ukiwa na kadi ya zamani, ibebe. Msikilize muuguzi wako kuliko makala hii.

Kama ni mwanaume, usigeuze ukurasa. Nauli ya kliniki na bando la kuuliza maswali mara nyingi viko mfukoni mwako, na "nenda, nitakusindikiza" ni elimu ya afya pia.

Na kwa wote: sauti isiyo na jina la msemaji, isiyo na tarehe, inayomalizia na "tuma kwa watu kumi", iache iishie kwako. Halafu usiishie kuifuta. Tafuta aliyekutumia, mpigie, mwamkie, muulize. Tukimaliza chuo tutaitwa wasomi wa ukoo, na kila ukoo una mtu mmoja mjamzito anayesubiri kusikia wasomi wanasema nini.